Lafudhi ya Kisukuma, macho mekundu ya bibi na komedi za usiku: nani analipa kicheko chetu?

Leo siongelei mpira wala bongo fleva. Kuna kitu kimenikaa kooni tangu wiki iliyopita na nimeona nikiteme hapa. Mwenye kukubali akubali, mwenye kupinga apinge kwa hoja.

Alhamisi usiku nilikuwa sebuleni hapa Kiseke naangalia kipindi cha komedi. Sikitaji jina, maana si hicho kimoja tu chenye tatizo hili, na nikikitaja mtaanza kubishana kuhusu kituo badala ya hoja. Tulikuwa mimi, mama, mdogo wangu wa darasa la nne ambaye alitakiwa awe amelala, na bibi mzaa mama aliyekuja kutoka Kwimba kutibiwa macho.

Niseme ukweli mapema: nilicheka. Msije mkafikiri ni mlokole wa komedi.

Igizo la kwanza, Msukuma kashuka Dar na gunia la mchele. Kila penye "r" anaweka "l". Habali za saa hizi, kalibu, nimefulahi. Akiona lifti anasema kile chumba kimemeza watu. Jamaa anaigiza vizuri, hilo halina ubishi, mpaka mama alicheka.

Igizo la pili lilikuwa hospitali. Foleni ndefu, dawa hakuna, wagonjwa wanarudishwa. Nikasema haa, leo wamelenga. Kumbe wapi! Anayechekwa dakika zote ni mfagizi asiyejua kusoma, anayewaelekeza watu vyumba visivyo. Igizo likaisha bila mtu hata mmoja kuuliza dawa zimekwenda wapi.

Igizo la tatu ndilo lililonileta hapa. Mwanaume kavaa khanga kama kikongwe, macho kapakwa rangi nyekundu. Anatoka usiku na ungo. Vijana wanamuona, wanapiga yowe, wanamkimbiza na fimbo, anakimbia huku khanga inamdondoka, muziki wa mbio unapigwa. Wanamkamata, fimbo zinainuliwa juu, kipindi kinakwenda kwenye tangazo.

Mdogo wangu alicheka akagaragara chini. Asubuhi yake akamwamkia bibi hivi: "Shikamoo bibi mchawi wa kwenye TV." Bibi akaitikia marahaba, akacheka naye, akampa na andazi. Mtoto alipoondoka kwenda shule akaniita. Akaniuliza, "Ng'wanawane, kwa hiyo na huko Dar es Salaam wanasema hivyo?"

Wadau, sikuwa na jibu.

Kwa msiotoka huku niwaeleze. Kwa miaka mingi Kanda ya Ziwa, Mwanza, Shinyanga na majirani zake, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yakachukuliwa kuwa ndio ushahidi. Macho hayo hayana uchawi wowote. Ni moshi. Mama amepika miaka hamsini kwa kuni mbichi, mabua na samadi kavu, maana sehemu nyingi za Usukumani miti ni michache, na jiko liko ndani ya kibanda kisicho na dirisha. Macho yatakuwa meupe ya nini? Mara nyingine nyuma ya tuhuma kuna ugomvi wa shamba au urithi, mpiga ramli anatafutwa tu ili amtaje mtu ambaye tayari hatakiwi. Jambo hili na mauaji ya ndugu zetu albino yaliichafua kanda yetu mpaka Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda akatangaza kufuta leseni za waganga wa jadi.

Kwa hiyo unapomchora bibi mwenye macho mekundu akikimbizwa na fimbo, na ukakata igizo hapo hapo kwenye fimbo, kuna watu wanaoijua sehemu iliyobaki. Bibi yangu anaijua. Kuna wenzake wa rika lake ambao haihitaji kusimuliwa walivyoondoka.

Sasa naomba nisieleweke vibaya. Sisemi uchawi usichekwe. Wala sisemi Wasukuma tuwe mayai, tusiguswe. Swali langu ni moja tu: katika kipindi kizima cha nusu saa, nani alichekwa? Mshamba, mfagizi, bibi kizee. Watu watatu ambao hakuna hata mmoja anayeweza kupiga simu kituoni akasikilizwa.

Komedi haikuwa hivi siku zote. Kwa mliozaliwa juzi kama mimi, ulizeni kaka zenu. Katikati ya miaka ya 2000 kundi la kina Joti, Masanja Mkandamizaji, Mpoki, Wakuvanga, Vengu na Mac Regan lilikuwa EATV na Ze Comedy. Mwaka 2008 wakahamia TBC1, ukazuka mgogoro wa jina na kule walikotoka, ndipo tukapata Ze Orijino Komedi. Klipu zao zipo mpaka leo. Masanja anakaa mezani na suti yake anasoma "habari", na wanasiasa wanaigizwa sauti na miondoko. Kumbukeni mwaka wenyewe. Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu kwa sakata la Richmond, gazeti likitoka linagombaniwa. Watu walikuwa na hamu ya kuwaona wakubwa wakichekwa, na vijana wale waliwapa angalau kidogo.

Nao hawakuwa malaika. Lafudhi na ushamba viliwapa kicheko kingi tu, na mwanaume kuvaa khanga wala hawakulianzisha wao. Tofauti ninayoiona kwenye zile klipu ni kwamba mshamba alikuwa akichekwa pamoja na mheshimiwa. Leo mheshimiwa kaondolewa, kabaki mshamba peke yake.

Mwaka huohuo 2008 Marekani kulikuwa na kampeni ya Obama na McCain. Kipindi chao cha Jumamosi usiku, Saturday Night Live, kilichoanza mwaka 1975, kilimleta Tina Fey akimwigiza Sarah Palin, mgombea mwenza wa McCain. Aliigiza nini? Lafudhi! Lafudhi ya Alaska, nywele, miwani, kila kitu. Lakini yule alikuwa gavana anayetafuta umakamu wa rais, na Oktoba mwaka ule akaja mwenyewe kwenye kipindi, akasimama palepale wanapomcheka. Aliweza kujibu. Lafudhi si dhambi kuigizwa. Cha kuangalia ni inayoigizwa ni ya nani, na je, huyo mtu ana mdomo wa kurudishia.

Jirani zetu Kenya, vijana watatu wa Redykyulass walimwigiza Rais Moi wakati Moi bado yuko Ikulu. Mwaka 2009 ukaja XYZ Show na vikaragosi vya mpira vyenye sura za viongozi, na aliyeianzisha ni Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, Mtanzania mwenzetu mzaliwa wa Dar es Salaam! Msiniambie Kenya ni peponi, wao nao lafudhi za makabila ni mtaji mkubwa kwenye majukwaa yao. Lakini walau na mkubwa alipata mgao wake.

Turudi nyumbani, maana hapa ndipo penye utamu, au uchungu, sijui niseme vipi.

Lafudhi yetu ya Kanda ya Ziwa ilichekwa miaka na miaka. Kisha Novemba 2015 akaapishwa Rais John Pombe Magufuli, mtu wa Chato. Lafudhi ileile ya huku kwetu ikawa inasomwa kwenye hotuba za Ikulu, na akifika mikutano ya huku anachanganya na Kisukuma kabisa. Ungetegemea wachekeshaji washerehekee, maana walikuwa wameifanyia mazoezi miaka yote!

Kilichotokea mnakijua. Oktoba 2019 mchekeshaji Idris Sultan alibadilisha sura kwenye picha, yake na ya Rais, siku ya kuzaliwa ya Rais, akaitwa polisi. Mei 2020 akakamatwa tena baada ya video anayoonekana akiicheka picha ya zamani ya Magufuli kavaa suti kubwa. Shtaka alilosomewa mahakamani likahusu laini ya simu. Hakutukana, wala hakuigiza lafudhi. Alicheka tu.

Ukiweka mambo haya mawili pamoja unapata jibu. Lafudhi ya Kisukuma ikiwa mdomoni mwa mbeba gunia ni kichekesho cha taifa. Ikiwa mdomoni mwa mwenye nchi, kila mtu anakumbuka adabu. Kwa hiyo hatukuwa tunaicheka lafudhi hata siku moja. Tulikuwa tunacheka unyonge, lafudhi ilikuwa namna ya kututambulisha mnyonge ni yupi.

Nawaelewa wachekeshaji, wana watoto na kodi ya nyumba. Hata sisi wa mitandaoni tulionja. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliweka ada ya maombi shilingi 100,000 na leseni shilingi milioni 1, kwa kijana anayeandika akiwa intaneti kafe! Wengi walifunga blogu zao kimyakimya. Ukijua kugusa juu kuna gharama, unagusa chini, chini hakuna faini. Naielewa hiyo biashara. Ninachokataa ni kuambiwa ni "utani tu".

Maana utani tunaujua. Utani ni mali yetu kabla ya TV haijafika. Mnyamwezi na Mzaramo wanataniana, lakini sheria ya utani ni kwamba leo wewe, kesho mimi. Mtani anakuja msibani kwako anajilaza njiani jeneza lisipite mpaka apewe chochote, watu wanacheka na machozi yakiwa machoni. Na huyohuyo mtani ndiye utakayemkuta ana jembe mkononi anasaidia kaburi. Utani una deni na una kulipana. Sasa mfagizi wa hospitali atamtania nani kwenye TV? Bibi yangu atapewa dakika ngapi za kumjibu yule aliyepaka macho rangi? Utani wa upande mmoja una jina lingine, kwetu unaitwa kuonea.

Na tusijifanye hatuna mkono. Mwanza si kwamba hatuna TV. Star TV makao yake yako hapa hapa, na kundi la Futuhi lililotupa raha lilitoka hapa hapa. Kijana wa huku akitaka kuchekesha anaiga nini? Anamuiga mama yake anavyoongea. Nimeshuhudia vijana wa mtaani kwetu wanarekodi vichekesho kwa simu, cha kwanza wanachofanya ni kutafuta khanga ya bibi. Na mimi mwenyewe, nilipokwenda kuomba kazi dukani mjini, nilifanya mazoezi ya "r" kwenye daladala kuanzia Kiseke mpaka mjini. Aibu hiyo hakunifundisha mwalimu. Nimeinywa sebuleni, Alhamisi kwa Alhamisi.

Mtasema wewe mlalamikaji, toa suluhisho. Haya, bure kabisa, waandishi wa komedi chukueni.

Igizo la mshamba Dar: muacheni na lafudhi yake, gunia lake na kila kitu. Ila wajanja wote wa mjini wanaomcheka, mwisho wa siku wanamkopa mchele yeye. Tutacheka.

Igizo la hospitali: mfagizi asiyejua kusoma ndiye pekee anayejua dawa zilipo, kwa sababu ndiye anayefagia stoo. Muone wakubwa watakavyoanza kumwamkia. Tutacheka zaidi.

Na igizo la bibi: macho mekundu hayo hayo, usiku huo huo, ungo uleule. Vijana wanamfuata na fimbo mpaka mlangoni, wanasukuma mlango, moshi unawatokea, wanaanza kukohoa na kulia. Wanatoka nje wote macho mekundu kama nyanya. Kijana mmoja anamnyooshea mwenzake kidole: mchawi! Mwingine naye anamnyooshea yeye. Bibi katikati yao anapepeta mchele wake, maana ungo ni wa kupepetea, jamani.

Hilo ningeliangalia na bibi sebuleni na ningecheka kuliko wote.

Bibi amerudi Kwimba Jumapili. Daktari kampa dawa ya matone na kamwambia apunguze moshi, kana kwamba kuna jiko lingine linamsubiri. Mdogo wangu nimemkalisha chini nimemueleza, kaelewa, watoto wanaelewa haraka. Lakini swali la bibi bado liko palepale, kama na huko Dar wanasema hivyo.

Wa Dar mpo hapa wengi tu. Mjibuni nyie. Na wa huku Kanda ya Ziwa, nani mwenzangu alishawahi kufanya mazoezi ya "r"? Semeni ukweli. Matusi hapana, utani ruksa, ila mkinitania mjue nitajibu.