Siha ya Nyumbani: "Ana Kifua" Si Jibu

Katika pwani yetu hii, tangu Moa hata Pangani, lipo neno moja tulitumialo kwa kila mwenye taabu ya pumzi. Mtoto akikohoa usiku, twasema ana kifua. Kijana akibanwa baada ya kukimbia, twasema ana kifua. Mama aliyeinamia moto wa kuni miaka mingi, na mzee aliyemaliza nguvu zake katika mashamba ya mkonge, hao nao wana kifua. Neno hili ni jepesi, nalo huondoa wasiwasi, kwani tukishalitamka twajiona tumekwisha jua. Kumbe hatujajua kitu. Tumetaja mahali panapouma, hatukutaja maradhi.

Nitasimulia kisa cha jirani yetu mmoja wa Ngamiani, wala sitamtaja jina. Mzee huyu alifanya kazi miaka mingi katika chumba cha brashi, pale katani zilizokwisha kauka hupigwa brashi ili zilainike na kung'aa. Vumbi lake alikwenda nalo nyumbani kila jioni, katika nywele na katika kifua. Alipostaafu alikuwa na kikohozi, na watu wa nyumba wakakizoea kama wauzoeavyo mlango unaolia. Mwaka mmoja kikohozi kilibadilika. Akaanza kutoka jasho usiku, nguo zikampwaya, hamu ya chakula ikamwisha. Mkwewe akamwambia, "Baba, twende hospitali." Akajibu, "Mwanangu, hiki ni kifua changu cha mkonge, nakijua." Akapewa tangawizi na asali, na chupa ya dawa ya kikohozi kutoka dukani. Miezi minne ikapita hivyo, na katika miezi hiyo minne mjukuu wake wa miaka minne alikuwa akilala chumba kimoja naye. Siku alipotema damu ndipo alipopelekwa kupimwa, akakutwa ana kifua kikuu.

Mzee hakusema uwongo. Kifua cha mkonge alikuwa nacho kweli. Lakini neno moja lilifunika maradhi mawili, na lile la pili likapata nafasi ya kukaa nyumbani bila ya kuulizwa. Kwa sababu hiyo nataka leo tuyatenge maradhi manne tuyaitayo kwa jina moja, kwa kuwa kila moja lina asili yake na dawa yake.

La kwanza ni kifua cha vumbi na moshi. Mkonge uliletwa kwetu mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miche 62 tu iliyosalimika ndiyo iliyopandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo mkoa mzima wa Tanga ukajulikana duniani. Lakini vumbi la katani huziudhi njia za pumzi. Uchunguzi wa wafanyakazi wa mkonge wa Tanzania uliotangazwa mwaka 1978 ulionyesha kwamba wale wa chumba cha brashi waliumia zaidi kuliko wale wa kusokota kamba. Alama mashuhuri ya maradhi haya ni kifua kubana siku ya kwanza ya kurejea kazini baada ya mapumziko. Mwanzoni taabu huja na kuondoka. Vumbi likiendelea miaka na miaka, huenda ikadumu.

Jikoni nako mna vumbi la namna yake. Moshi wa kuni na mkaa katika chumba kisichopitisha hewa huzinyausha pumzi za mama zetu polepole, na watoto waliobebwa migongoni huuvuta pamoja nao. Tumbaku hufanya kazi hiyo hiyo kwa haraka zaidi. Pafu lililokwisha haribika kwa njia hii halirudi kuwa jipya, lakini mgonjwa husaidika: aondokane na moshi na tumbaku, apewe dawa za kuvuta za kufungua njia za pumzi, na afundishwe mazoezi ya kuutia mwili nguvu. Mwezi wa Mei 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa kuwafikisha watu 80 katika kila 100 kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Nyumba isiyoweza kununua jiko la gesi leo yaweza angalau kutoboa dirisha, kupika uani, na kutumia kuni zilizokauka vyema.

La pili ni kifua kikuu. Haya ni maradhi ya kijidudu ambacho Robert Koch alitangaza kukigundua tarehe 24 Machi 1882. Husafiri kwa hewa, mgonjwa akohoapo, asemapo au aimbapo katika chumba kilichofungwa. Hayasafiri kwa sahani wala kikombe wala kwa kupeana mikono, basi hakuna haja ya kumtengea mgonjwa chombo chake na kumvunja moyo. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku na kukonda ni alama za kumpeleka mtu akapimwe makohozi. Zamani yalitazamwa kwa hadubini tu. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeidhinisha mashine inayotambua asili ya kijidudu chenyewe kwa muda usiozidi saa mbili, nayo hueleza pia kama kijidudu hicho kimekuwa sugu kwa rifampisini, iliyo dawa kubwa ya maradhi haya.

Tiba ya kawaida ni ya miezi sita: dawa nne kwa miezi miwili, kisha dawa mbili kwa miezi minne. Vituo vya serikali huzitoa bila ya malipo. Tena nchi yetu ina haki ya kujivunia katika jambo hili. Huko Kibong'oto, Kilimanjaro, hospitali ya wagonjwa hawa ilianza mwaka 1926, nayo mwaka 2009 ikaanza kuwatibu wenye kifua kikuu sugu. Na mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma, ukisaidiwa na Dakitari Karel Styblo, mtu aliyeugua kifua kikuu yeye mwenyewe alipofungwa katika kambi ya Wanazi wakati wa vita. Njia iliyojaribiwa hapa, ya kumpima mtu makohozi, kumpa dawa huku akishuhudiwa akizimeza, na kuandika khabari zake mpaka apone, ndiyo iliyochukuliwa na Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1990 ikapelekwa nchi nyingi nyingine.

Khatari kubwa ni kuacha njiani. Mwezi wa pili mgonjwa huona amenenepa, kikohozi kimekwisha, akajiambia amepona. Vijidudu vilivyosalia ndivyo vilivyo vigumu, navyo hujifunza kuishinda dawa. Mtu wa nyumbani awe shahidi wa kila kidonge, kwa upole, si kwa kumsimanga. Na kila mtu wa nyumba ile apimwe, khasa watoto wadogo. Asiyekutwa na ugonjwa hupewa dawa ya kinga.

La tatu ni pumu. Hii haiambukizi kabisa. Njia za pumzi za mwenye pumu huwa na uvimbe wa ndani, hata siku asiyohisi kitu. Likija vumbi, moshi, mafua au baridi, hukaza, na kifua kikalia mluzi. Miaka mingi mgonjwa alipewa kopo la salbutamoli ya kuvuta, iliyoanza kuuzwa mwaka 1969. Dawa hiyo hufungua njia upesi, lakini uvimbe huuacha pale pale. Mtu huivuta mara kumi kwa siku akidhani anajitibu, kumbe moto uko chini ya majivu. Kwa hiyo mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu ulibadilika: watu wazima na vijana wenye pumu wasitibiwe kwa salbutamoli peke yake, bali wapate dawa ya kuvuta yenye kutuliza uvimbe. Mwenye kuvuta salbutamoli mara kwa mara amwendee tabibu amwulize jambo hili.

Wako wazazi wakataao dawa ya kuvuta kwa kudhani kwamba humzoeza mtoto kama tumbaku. Si kweli. Dawa ivutwayo hufika mapafuni penyewe kwa kipimo kidogo sana, kuliko vidonge vinavyozunguka mwili mzima. Taabu ya watoto ni kushindwa kuivuta ipasavyo, dawa ikaishia kinywani. Madakitari wa Afrika Kusini walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni tundu la kuenea mdomo wa kopo, hufanya kazi sawa na kile chombo cha kununuliwa. Dawa hupulizwa ndani ya chupa, na mtoto hupumua taratibu kwa upande wa pili. Mwombe mwuguzi akuonyeshe namna ya kuitengeneza.

La nne ni kichomi, ambacho matabibu hukiita nimonia, nacho kwa mtoto mchanga hakingoji wiki mbili. Mama asiye na chombo chochote aweza kukitambua kwa saa yenye mshale wa sekunde. Mtoto akiwa ametulia, mhesabie pumzi zake dakika moja kamili. Aliye chini ya miezi 2 akifikisha 60, aliye na miezi 2 hadi chini ya 12 akifikisha 50, aliye na mwaka 1 hadi chini ya miaka 5 akifikisha 40, apelekwe kituoni siku ile ile. Na ukimwona mbavu zake zinabonyea kila avutapo pumzi, au hawezi kunyonya, au midomo imekuwa ya samawati, usingoje asubuhi. Amoksilini ikitolewa mapema humponya mtoto mwenye nimonia ya kawaida, na chanjo apewazo akiwa na wiki 6, 10 na 14 humkinga na vijidudu viwili vikubwa viletavyo maradhi haya. Kadi ya kliniki itazamwe leo.

Sasa limebaki swali ambalo huulizwa kila ukaribiapo mwezi wa Ramadhani. Je, mwenye pumu akivuta dawa yake mchana, saumu yake yasalimika? Wanazuoni wamekhitilafiana: wako wasemao haifungui, kwa kuwa si chakula wala kinywaji, na wako wasemao yafungua. Kila mtu amwulize shekhe wake. Lakini wote wanakubaliana juu ya jambo lililo kubwa zaidi, kwamba mgonjwa amepewa ruhusa katika Suratul Baqarah ya kufungua na kulipa siku nyingine. Basi mwenye kubanwa pumzi na avute dawa yake papo hapo, na hesabu ya siku ataifanya akiwa hai. Dawa ya kutuliza uvimbe itumiwayo mara mbili kwa siku yaweza kuwekwa wakati wa daku na baada ya kufuturu. Mwenye kifua kikuu naye asiruke hata siku moja. Ampe khabari tabibu wake kabla ya mwezi kuandama, wapange saa ya vidonge, au aambiwe kama hali yake haijaruhusu kufunga.

Tumefundishwa tangu utotoni kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia na dawa. Maneno hayo twayasoma kama ya kutuliza moyo tu. Lakini yana amri ndani yake: ikiwa dawa ipo, yatupasa kuitafuta, na dawa haitafutwi kabla ya kuyajua maradhi. Basi mtu wa nyumba akisema ana kifua, muulizeni mambo matatu. Kikohozi kimeanza lini? Huja na kuondoka, au kipo kila siku na kinazidi? Na ameishi karibu na nini: vumbi, moshi, tumbaku, au mtu mwenye kukohoa? Majibu hayo mchukue nayo kwa tabibu, na umwombe akutajie maradhi kwa jina lake.

Yule jirani yetu alitimiza miezi yake sita. Mkwewe alimpa vidonge kila alfajiri baada ya sala, akatia alama katika kadi. Mjukuu alipimwa, hakukutwa na ugonjwa, akapewa dawa ya kinga akaimaliza. Mzee sasa hana kifua kikuu, lakini bado hupumzika mara mbili njiani aendapo msikitini, kwa kuwa miaka ya vumbi haikuondoka pamoja na vijidudu. Siku moja nilimkuta ameketi kwenye baraza akivuta pumzi, nikamwuliza hali. Akacheka, akasema, "Nilidhani nina kifua kimoja, kumbe nilikuwa na viwili. Kimoja kimekwenda zake. Hiki kilichobaki nakijua kwa jina."

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atupe sisi wazima akili ya kuuliza mapema. Amin.