Daftari la Wiki: Hongera kwa Kazi Nzuri

"Hongera kwa kazi nzuri." Sentensi hii ipigwe marufuku katika kila ukumbi unaoonyesha filamu za vijana. Wiki hii nimeisikia ikirudiwa tangu kipaza sauti kilipoanza kuzungushwa baada ya filamu fupi ya mapigano na vichekesho. Bodaboda anamfukuza kibaka, kibaka anakimbilia kwenye ukumbi wa harusi, na kuanzia hapo ni masufuria, viti vya plastiki na keki. Msemaji wa kwanza akasema hongera. Wa pili akasema anaungana na msemaji aliyetangulia. Wa tatu alishukuru kupewa nafasi, akamshukuru Mungu, akaishukuru kamati, akakaa. Mwongozaji, kijana mwembamba, alikuwa amesimama mbele na kalamu mkononi. Ukurasa wake ulibaki mweupe.

Ndipo mama mmoja wa safu ya nyuma, mtoto mgongoni, akasema bila kusubiri kipaza sauti: "Bi harusi alipomtandika yule kibaka kwa mwiko nilicheka mpaka mtoto akaamka. Lakini maharusi walipoanza kusimuliana walivyokutana, mimi nikaingia zangu WhatsApp."

Watu wakamgeukia kama aliyetukana. Kwangu mimi, ukumbi mzima ulikuwa na mkosoaji mmoja, na ndiye yeye.

*

Mgeni rasmi alichelewa. Filamu yenyewe ilikuwa ya dakika 14, nasi tulimsubiri kwa muda ambao ungetosha kuionyesha mara tatu na kupumzika katikati. Alipofika alitoa nasaha kuhusu vijana na matumizi mazuri ya muda.

*

Nimrudie yule mama, maana alifanya jambo ambalo wasomi wa sinema huliandikia vitabu. Hakusema filamu ni nzuri wala mbaya. Alisema alicheka wapi na alichoka wapi. Mwongozaji hahitaji zaidi ya hapo, na nina shahidi wa miaka 100 iliyopita.

Mwaka 1925 mchekeshaji Buster Keaton alikuwa na filamu iitwayo Seven Chances. Kijana ameambiwa atarithi dola milioni 7 akiwa ameoa kabla ya saa moja jioni ya siku hiyo. Tangazo linatoka gazetini, mamia ya wanawake wenye shela wanatokea, na kijana anatimua mbio. Keaton alikimbia mjini, akakimbia mashambani, akateremka mlima, kisha akawaonyesha watazamaji wa majaribio. Vicheko vilikuwa vya kawaida. Lakini katika ule mteremko alikuwa ameviparamia vijiwe vitatu kwa bahati mbaya, vikaanza kubingirika nyuma yake, na hapo ukumbi ukalipuka.

Mwingine angeshukuru akaenda kulala. Keaton alirudi mlimani na mawe bandia yapatayo 1,500, mengine yakitosha kiganjani, mengine yakimzidi mtu kimo, akayaachia yamfukuze. Leo filamu hiyo inakumbukwa zaidi kwa poromoko lile. Na angalieni: hakuna mtazamaji aliyesimama kumshauri aongeze mawe. Wao walicheka tu. Kuelewa kicheko kile kilikuwa kinaomba nini ilikuwa kazi yake, na ndiyo aliyolipwa kuifanya. Harold Lloyd, yule wa miwani ya duara anayening'inia kwenye saa ya ghorofa katika Safety Last! ya 1923, naye aliufanya utaratibu huu kuwa desturi: unawaonyesha watu wa kawaida kazi isiyokamilika, unawasikiliza, unarudi kukata na kupiga upya.

Sasa tujitazame wenyewe. Watu wale wale wanaosema "hongera" ukumbini ndio waliolelewa katika vibanda umiza, na kule hakuna aliyewahi kuipongeza filamu. Kule unalipa, unabanwa kwenye benchi, na maoni yanatolewa filamu ikiendelea. Staringi anaambiwa "Nyuma yako!" na chumba kizima. Mapenzi yakirefuka, watu wanamwambia mwenye video apeleke mbele. Adui akifa mapema, wanalalamikia pesa yao. Halafu kuna bwana mkubwa wa kibanda, yule mwenye sauti. Sisi tulikuwa na Lufufu, Wakenya wana DJ Afro, Waganda wana VJ Jingo na wenzake. Wengi humwita mfasiri. Mimi namwona kama mtazamaji aliyekabidhiwa kipaza sauti. Anamcheka mwigizaji anayekufa vibaya, anamtungia adui jina la mtaani, na panapopooza anapachangamsha kwa utani wake mwenyewe. Filamu iliyopita mdomoni mwake inakuwa imekwishakosolewa kabla hujatoka nje.

Mtu aliyeliona hili mapema ni Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala. Utotoni filamu alikuwa akisimuliwa na kaka yake, kwa hiyo filamu zake za kwanza alizipokea zikiwa tayari zina maoni ya mtazamaji ndani. Mwaka 2010 akatoa Who Killed Captain Alex?, filamu ya mapigano iliyogharimu chini ya dola 200 kwa hesabu yao wenyewe, bunduki zikiwa za vyuma chakavu na helikopta zikiwa za kompyuta. Nakala tunayoitazama ina sauti ya VJ Emmie juu yake mwanzo hadi mwisho. Emmie anashangilia, anazomea, anatabiri, anaitania filamu anayoitangaza. Ndiyo maana dunia ilipokutana na kionjo cha filamu hiyo mtandaoni ikaanza kucheka, wenye dharau walikuwa wamechelewa. Utani wao ulikuwa umeshafanywa, tena kwa ufundi kuliko wao.

Na maoni ya mtaani Nabwana na wenzake waliyapata kwa njia rahisi sana. Waigizaji wenyewe walizunguka kuuza diski mkono kwa mkono. Mtu aliyekuuzia diski Jumatatu unakutana naye kwenye maji Jumatano. Humwambii hongera kwa kazi nzuri, unamwambia pale ulipokufa ulipumua.

Maoni makubwa kuliko yote, hata hivyo, hayakuwa na neno hata moja. Alan Hofmanis, mtu wa New York, aliona kionjo cha Captain Alex, akapanda ndege mpaka Wakaliga, akabaki, akawa mwigizaji. Yumo katika Bad Black, filamu iliyotwaa tuzo ya watazamaji katika tamasha la Fantastic Fest, Austin, mwaka 2016. Mtazamaji aliyetoa nauli hana haja ya kuzungushiwa kipaza sauti.

Kwa hiyo, vijana, fanyeni hivi. Filamu inapoonyeshwa msiitazame, mnaijua. Kaeni pembeni mtazame nyuso. Andikeni dakika ambayo simu ya kwanza iliwaka. Andikeni nani alitoka kwenda chooni na alirudi wakati gani, maana mwenye kupendezwa hurudi mbio. Na jifunzeni kutofautisha vicheko. Kicheko kinachotoka kwa watu wote sekunde ile ile mwiko unapotua ni mali yenu. Kile kinachoanzia kwa wawili pembeni, kikanong'onezwa, kisha kikasambaa wakati mtu analia msibani, hicho wanawacheka ninyi. Vyote viwili ni habari. Cha pili mkikipenda, kirudisheni kwenye uhariri mkifanye kionekane mlikikusudia. Hakuna atakayejua.

*

"Risasi za bastola ile mbona haziishi?" aliuliza bwana mmoja kwa ukali. Filamu ambayo mtu amepigwa keki usoni akaruka ukuta.

*

Sauti. Najua nimeandika hili, na nitaliandika tena mpaka mhariri anifukuze. Mtazamaji wetu anasamehe giza, anasamehe bastola ya mbao, anasamehe damu yenye rangi ya juisi. Hasamehi kutosikia. Katika filamu ya wiki hii kuna utani mmoja ambao naamini ulikuwa mzuri sana. Ulisemwa jenereta ikinguruma nyuma, na sehemu yake ya mwisho ikachukuliwa na upepo. Walioelewa ni waliouandika.

Na ngumi! Ngumi halisi haina sauti ya maana, ni pu tu, basi. Ile sauti inayokufanya ujikunje kwenye kiti hutengenezwa baadaye: pande la nyama linapigwa karibu na kipaza sauti, mboga ngumu inavunjwa ndiyo mfupa. Nunueni nyama nusu kilo. Mkimaliza kurekodi mpike.

*

Halafu kuna swali ambalo halikosi: "Filamu hii inatufunza nini?"

Aliuliza mzee mmoja wa heshima zake, shikamoo nilimpa, lakini swali sitampa. Bodaboda, kibaka, keki. Inatufunza kwamba keki ikirushwa kwa usahihi inachekesha. Tumezoea kila hadithi ilipe kodi ya funzo mlangoni, hadi vijana wetu wanabandika dakika mbili za mawaidha mwishoni mwa filamu ambayo ilikuwa inakimbia vizuri. Kibaka anatubu, muziki wa huzuni unapigwa, mama mchungaji anatokea kusikojulikana. Mzee aliridhika. Yule mama wa safu ya nyuma alikuwa ameshaanza kutafuta kandambili.

*

Filamu ya dakika 14 yenye nembo za watayarishaji 5 kabla ya picha ya kwanza. Nimeinua nyusi, nimezishusha.

*

Kuna kijana aliniambia mlangoni kwamba tatizo letu ni fedha tu, akanitajia Kung Fury. Ni mfano mzuri, ila autazame wote. David Sandberg wa Sweden alianza kwa fedha yake ya mfukoni, akicheza mwenyewe mbele ya kitambaa cha kijani, akatengeneza kionjo. Kionjo kile ndicho kilichowashawishi watu wa kawaida kumchangia zaidi ya dola 630,000. Mwaka 2015 filamu ikaonyeshwa Cannes, katika Wiki Mbili za Waongozaji, kisha ikaachiwa bure mtandaoni: dakika 31 za karate, polisi, dinosaria na Hitler. Fedha zilikuja baada ya watazamaji kusema "hii tunaitaka". Kwetu tunaandika kwanza maombi ya ufadhili, tunapata fulana zenye nembo, halafu ndiyo tunajiuliza nani atatazama.

Ila nisimkatishe tamaa. Watu waliomchangia Sandberg walikuwa na kadi za benki na mazoea ya kulipa mtandaoni. Sisi tuna simu zenye pesa ndani na tabia ya kumtumia mwenzako filamu nzima bure kwa Telegram. Ukitaka kujua mtazamaji anakuthamini kiasi gani, angalia kama amekutumia hata nauli ya daladala.

*

Usiku nilimkumbuka mchekeshaji King Majuto bila sababu yoyote. Amri Athumani wa Tanga, tuliyempoteza Agosti 2018. Alikuwa na namna ya kusimama akimtazama mtu kabla ya kumjibu, na wewe nyumbani umeshacheka, neno halijatoka. Hiyo haifundishwi na kamera mpya. Nilitafuta kipande chake kimoja nikitazame, nikakuta kimekatwakatwa na kubandikwa muziki wa mtu mwingine. Nikazima simu.

*

Majina ya waliofanya kazi yalipoanza kupanda, taa zikawashwa na watu wakainuka. Aliyebeba ngazi, aliyepika, aliyejirusha kutoka juu ya paa, wote walipanda na kutoweka mbele ya migongo yetu. Jackie Chan alilipatia dawa hili tangu Dragon Lord ya 1982: majina yanapita huku tukionyeshwa michezo iliyoharibika, watu wakidondoka vibaya na kucheka. Anayetaka kuona nani aliumia lazima asome nani alifanya kazi. Haina gharama, vipande vilivyoharibika kila mtu anavyo.

*

Wenye ukumbi, viti vyenu vinalia. Kila mtu akijigeuza tunadhani ni mlango kwenye filamu.

*

La mwisho. Katika filamu hii bodaboda anakufa. Baada ya mbio zote zile, anaokoa harusi, anageuka kuchukua pikipiki yake, anapigwa risasi ya kupotea. Wasomi wawili wa safu ya mbele walisifu "ujasiri" wa uamuzi huo. Ukumbi ulinuna. Mtoto wa miaka kama 10 aliyekaa karibu nami alisimama kwenye kiti, akapewa kipaza sauti kwa kuwa hakuna aliyekuwa na la kusema tena, akasema, "Staringi hauawi."

Mwongozaji akamweleza kwa upole kwamba katika maisha halisi watu wema nao hufa. Mtoto akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza sehemu ya pili inatoka lini. Mwongozaji akasema hakuna fedha ya sehemu ya pili.

"Basi mfufueni kwenye hii hii."

Kwa mara ya kwanza jioni ile, nilimwona yule kijana akiandika.