Wafugaji wenzangu, tuuache utumbo wa kifaranga ufanye kazi yake

Ndugu mfugaji, uwe na kuku kumi nyuma ya nyumba huko Singida au broila elfu mbili huko Kiambu, nina ombi kwako. Safari hii ukifungua boksi la vifaranga wa siku moja, usiwatilie antibiotiki kwenye maji ya kunywa kwa sababu tu ndivyo ulivyozoea au ndivyo ulivyoshauriwa dukani. Wape joto, maji safi na chakula kizuri. Wakiumwa, mwite mtaalamu wa mifugo. Wasipoumwa, dawa ikae kwenye kopo lake.

Desturi yetu naijua. Vifaranga wakishuka tu, maji yanachanganywa glukosi, vitamini na antibiotiki ya OTC "ya kuanzia", siku tatu au tano mfululizo, hata kama hakuna hata mmoja aliyesinzia. Simlaumu anayefanya hivyo. Kifaranga ni pesa, chakula kimepanda bei, na kuharisha kweupe kukiingia bandani hakungoji mkopo wa kikundi uishe kulipwa. Ila ni vizuri tujue dawa ile inaua nini.

Kila aliyewahi kupasua kuku ameviona vile vifuko viwili virefu vilivyotokeza pale utumbo mwembamba unapokutana na ule mpana. Yale mavi ya kahawia, mazito na yenye harufu kali, ambayo kuku huyatoa mara chache kwa siku, hutoka humo. Ndani yake huishi bakteria wengi kupindukia, na kazi yao ni kuchachusha nyuzi na wanga ambao kuku mwenyewe ameshindwa kuusaga. Katika kuchachusha huko hutoka asidi tatu ndogo: asetiki, ambayo ndiyo ukali wa siki; propioniki; na butiriki, yenye harufu ya siagi iliyovunda. Wataalamu huziita asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi, maana ya kwanza ina kaboni mbili tu, ya pili tatu, ya tatu nne.

Kifaranga aliyetotolewa leo hana akiba yoyote ya maana ya asidi hizo. Huongezeka taratibu kadiri bakteria wema wanavyohamia tumboni, na mpaka hapo Salmonela, bakteria waletao ugonjwa, humwingia bila upinzani mkubwa. Kifaranga anayelelewa na mama yake huokota bakteria hao kwenye kinyesi na vumbi la mama. Wa mashine haokoti kitu, kwa kuwa hajawahi kukutana na kuku mkubwa. Mwaka 1973 watafiti wawili wa Finland, Nurmi na Rantala, walieleza jinsi vifaranga wachanga walivyokingwa dhidi ya Salmonela kwa kupewa vilivyomo kwenye vifuko vya utumbo wa kuku wazima. Mambo ya kinyaa, lakini yalifanya kazi, na yamezaa bidhaa zinazotumika mpaka leo.

Je, asidi hizi zinahusianaje na kinga? Salmonela ikipenya ukuta wa utumbo hupokelewa na seli za kinga ziitwazo makrofaji, ambazo hummeza adui na kumsaga. Tatizo ni kwamba Salmonela imejua kuishi humo humo ndani ya seli iliyoimeza. Hujifungia ndani ya kiputo kidogo, ikazuia isisagwe, kisha ikasafirishwa na seli hiyo kama abiria asiyelipa nauli: mpaka kwenye ini, kwenye wengu, na kwa kuku wa mayai mpaka kwenye ovari. Ndiyo sababu yai lenye ganda safi, lisilo na ufa wala doa, linaweza kuwa na vijidudu ndani.

Hapo ndipo butiriki inapoonyesha uwezo wake. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma, Marekani, walichapisha matokeo ya kuziwekea makrofaji za kuku butireti, yaani chumvi ya asidi hiyo. Seli zilianza kutengeneza kwa wingi peptidi za kinga, vipande vidogo vya protini vinavyotoboa utando wa bakteria, na zikawaua bakteria vizuri kuliko zile ambazo hazikupewa. La kufurahisha zaidi ni kwamba hazikuchochewa sana kutoa ishara za uvimbe, zile zinazoweza kumletea ndege homa ya kumdhoofisha. Mfugaji anajua gharama yake: kuku mwenye homa hali, na asiyekula hanenepi. Kisha watafiti hao walichanganya butireti kidogo kwenye chakula cha kuku na kuwaambukiza Salmonela makusudi. Idadi ya bakteria kwenye vile vifuko ilishuka karibu mara kumi.

Inavyofanya kazi si siri. Ndani ya kila seli, DNA imezungushwa juu ya protini, na kuna vimeng'enya vinavyoikaza hadi jeni nyingine zisisomeke. Butireti huvizuia vimeng'enya hivyo, DNA ikalegea, na jeni za peptidi za kinga zikaanza kusomwa. Yaani uwezo wa kupambana kuku alikuwa nao tangu kwenye yai.

Sasa tahadhari, kwa sababu naona ushauri wa kumimina siki kwenye maji ya kuku unavyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Asidi hizi tatu hazifanani tabia. Butiriki na propioniki hupunguza uwezo wa Salmonela wa kupenya kwenye seli za utumbo. Asetiki, katika majaribio ya maabara yaliyofanywa Ubelgiji, iliuongeza. Tena butiriki iliyolishwa ikiwa tupu hufyonzwa mapema, kabla haijafika kwenye vifuko vile, ndiyo maana zile zinazouzwa kama nyongeza ya chakula mara nyingi huwa zimefunikwa kwa mafuta. Mwenye uwezo wa kuzinunua azitumie kwa kipimo kilichoandikwa, na asidhani amepata tiba. Asiye na uwezo ana njia ya kale: awalishe bakteria wanaoitengeneza. Pumba kidogo ya ngano na mchicha uliokatwakatwa kwa kuku waliokwisha kukua kidogo vinasaidia, kwa kiasi, kwani nyuzi zikizidi kifaranga hudumaa.

Rudi sasa kwenye lile kopo la OTC. Dawa ile haichagui. Inawapiga Salmonela wasio sugu, na inawapiga vilevile bakteria wanaotengeneza butiriki, katika siku zile zile ambazo kifaranga anajaribu kuwapata. Wanaobaki ni wale walioizoea. Kwa kideri ndiyo haina maana kabisa, kwa sababu ugonjwa huo huletwa na kirusi na kinga yake ni chanjo; ile ya I-2 hutolewa kwa tone moja tu jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo tangu tarehe 1 Januari 2006. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilishauri wafugaji waache kuwapa antibiotiki wanyama wazima wa afya, iwe kwa kuwakuza au kwa kuwakinga. Usugu unaoanzia bandani kwetu haubaki bandani: unafuata nyama, mayai na mbolea mpaka wodini.

Wewe mwenye duka la dawa za mifugo, nakuomba mteja akija umuulize kwanza kuku wanaumwa nini, na usiogope kumwambia hahitaji dawa. Utapoteza mauzo ya kopo moja na kupata mteja anayekuamini. Mwenye mashine ya kutotolea, usimwandikie mnunuzi ratiba ya antibiotiki kana kwamba ni sehemu ya bei ya kifaranga. Mwandikie ratiba ya chanjo. Nawe mama mwenye genge la chipsi mayai, na baba unayenunua trei nzima kila mwisho wa mwezi, muulizeni muuzaji kama kuku wake walikuwa kwenye dawa na kama siku za kusubiri dawa itoke mwilini zimekwisha. Swali hilo likiulizwa na wateja wengi, wafugaji watalisikia haraka kuliko semina yoyote.

Kuku wakiugua kweli, dawa ina heshima yake. Itumike kwa maelekezo ya daktari wa mifugo, kwa kipimo kamili na siku zote zilizoandikwa, na mayai ya siku hizo yasiuzwe. Ukiona vifo vya ghafla, usikisie: peleka mzoga ungali mbichi, umefungwa vizuri, kwenye maabara iliyo karibu nawe. Kwa Tanzania ziko chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari, wenye makao yake Temeke, Dar es Salaam. Kwa Kenya, maabara kuu ya mifugo iko Kabete. Waulizeni ni ugonjwa gani na ni dawa ipi bado inaufaa, ndipo mfungue kopo.