Si Kila Kalasinga ni Mmoja

Huku kwetu pwani kila Mhindi mwenye ndevu na kilemba huitwa Kalasinga, na maneno yakaishia hapo. Tangu mafundi wa Kipunjabi waliposhuka Mombasa kujenga reli kuanzia mwaka 1896, ni wachache wetu waliojisumbua kuuliza kama wote wanaabudu namna moja. Hawaabudu namna moja. Lipo kundi la Wanamdhari, lenye wafuasi hata hapa Kenya, linalohitilafiana na Makalasinga wenzao katika jambo kubwa la imani.

Utawajua kwa mavazi meupe na kilemba cheupe kinachokata paji la uso sawasawa. Huamka kabla ya alfajiri, wakaoga na kusali. Hawali nyama wala hawanywi pombe. Hushika uzi wa sufu nyeupe wenye mafundo 108, wakilitaja jina la Mungu fundo baada ya fundo. Hapo zamani waliitwa Wakuka, kwa sababu ya ukelele waliokuwa wakipiga walipopandwa na jazba katika utajo huo. Mtu wa pwani akiyaona haya atasema, "Hii ni tasbihi na huu ni uradi. Hawa ni kama sisi tu."

La, msomaji. Kufanana si kuwa kitu kimoja.

Makalasinga walio wengi huamini kwamba Guru Gobind Singh, guru wa kumi, alifariki mwaka 1708 na kuufunga mlango wa uguru, na tangu hapo guru wao ni kitabu, Guru Granth Sahib. Wanamdhari hukiheshimu na kukisoma kitabu hicho, lakini kwao mlango haukufungwa. Wao husema Gobind Singh aliishi kwa siri hadi mwaka 1812, akamwachia uongozi Balak Singh, naye akamwachia Ram Singh, na kwamba daima yupo guru aliye hai. Hata katika ndoa, wenzao hukizunguka kitabu, na wao huuzunguka moto.

Sisi tunaoamini kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) ndiye wa mwisho twaujua uzito wa hitilafu ya namna hii. Haimalizwi kwa kusema dini zote ni sawa, wala haihitaji matusi.

Hali kadhalika katika tarikhi yao. Ram Singh aliliunda kundi lake mwaka 1857 kijijini Bhaini, Punjab. Alikataza kuuawa kwa watoto wachanga wa kike, akapinga harusi za fahari, akawaambia wafuasi wajitenge na mahakama, shule na nguo za Waingereza. Tarehe 17 Januari 1872, huko Malerkotla, Waingereza waliwalipua wafuasi wake 49 kwa mizinga bila ya kesi. Ram Singh mwenyewe akahamishwa hadi Burma. Nani asiyewahurumia?

Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo, baadhi ya Wakuka, kwa kutetea ng'ombe, waliwaua wachinjaji wa Kiislamu mjini Amritsar na Raikot. Nao walikuwa watu wenye watoto na wazee wao. Anayesimulia mizinga akawanyamazia wachinjaji hajasema kweli. Anayesimulia wachinjaji akainyamazia mizinga hali kadhalika. Uadilifu ni kuyasema yote mawili, na kutomdai mjukuu damu iliyomwagwa na babu.

Haki ya jirani katika dini yetu haikuwekewa sharti kwamba jirani awe mwenye itikadi kama yetu. Lakini utamtimiziaje haki mtu usiyejua anaamini nini, anakula nini na kipi kwake ni kitukufu? Kumwambia Mnamdhari kwamba yeye ni kama sisi ni kumfuta kwa maneno matamu. Kumchanganya na kila mwenye kilemba ni kumfuta kwa uvivu. Heshima ya kweli huanza kwa kuuliza, kwani wahenga walisema: usilolijua ni usiku wa kiza.