Jina Lako Kwenye Orodha ya Mbegu

Leo tuache kidogo viwavijeshi na nafasi za kupandia, tuongee kuhusu jina lako, maana jina likikosewa linaweza kukukosesha mvua.

Msimu uliopita kikundi kimoja kilichanga hela kununua mbegu za alizeti kwa pamoja. Orodha niliandaa mimi: nasikiliza majina shambani, jioni naingiza kwenye kompyuta. Siku ya kugawa, dada mmoja akatoa kitambulisho kimeandikwa Chilewa. Kijana wa kompyuta akatafuta, hamna. "Bwana shamba, mbona mimi simo na hela nimetoa?" Akarudi mikono mitupu. Siku ya tatu ndipo tulipogundua nilimwandika Kirewa. Mimi nimekulia Mara, kwetu l na r wanakula sahani moja. Mvua ya kwanza ilishapita.

Siku ileile kaka mmoja, Masengo, naye hakuwamo. Huyu nilimfuta mwenyewe. Programu iliniambia jina lake linafanana na Mazengo, nikadhani ni mtu mmoja kaandikwa mara mbili. Kumbe ni wawili.

Makosa yalikuwa yangu. Ila nikakaa kujifunza kompyuta inafananishaje majina. Kuna njia mbili za zamani ambazo bado zinatumika. Ya kwanza ni Soundex, ambayo Robert Russell aliipatia hataza Marekani mwaka 1918. Inabakiza herufi ya kwanza, inaacha irabu pamoja na h, w na y, halafu konsonanti zinazobaki inazipa namba kwa mlio: l ni 4, r ni 6, s na z zote ni 2. Ya pili ni ya Vladimir Levenshtein, mwanahisabati wa Kisovieti, mwaka 1965. Hii inahesabu ni herufi ngapi ubadili, uongeze au ufute ili neno moja liwe lingine.

Sasa pima majina yetu. Chilewa kwa Soundex ni C400, Kirewa ni K600, hayakutani kabisa. Kwa Levenshtein yako mbali hatua 3. Masengo na Mazengo yote ni M252, na yanatofautiana hatua 1 tu. Yaani mtu mmoja ameonekana wawili, na watu wawili wameonekana mmoja!

Soundex ilitungwa kwa majina ya Marekani. Haijui kwamba Mgogo anasema Chigogo na Mswahili anasema Kigogo. Kwa hiyo msimamo wangu wa kwanza: programu za orodha za wakulima zifundishwe ndimi zetu, kwamba chi na ki ni majirani, l na r vilevile. Vijana mnaojua kompyuta, hiyo ni kazi yenu.

Msimamo wa pili: programu ipendekeze, mtu aamue. Najua mtaniuliza, orodha ikiwa na maelfu ya majina nani atayasoma yote? Hakuna haja. Mashine itoe majina yenye utata tu, hayo ndiyo upige simu. Simu ni dakika moja. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, na ukipita umepita.

Kwako mkulima, fanya haya kabla ya msimu:

1. Tumia tahajia moja, ile ya kitambulisho, kwenye kikundi, benki, simu na kwa mnunuzi.
2. Usitamke jina lako tu. Toa kitambulisho, aandike akiwa anakiona, kisha mwambie akusomee herufi moja moja.
3. Hakikisha namba ya NIDA yenye tarakimu 20 imeandikwa pembeni ya jina. Majina yanafanana, namba hiyo ni yako peke yako.
4. Kama wewe ndiye katibu, usifute jina la mtu kwa sababu linafanana na lingine. Muulize kwanza.

Yule dada alipanda kwa kuchelewa. Tangu hapo, mimi siandiki jina la mtu kwa kulisikia tena. Nawe usikubali kuandikwa hivyo.