Tochi za walinzi: namba kubwa isimdanganye mnunuzi

Mwenye ghala, yadi ya magari au shamba la migomba Kimandolu anapomnunulia mlinzi tochi, mara nyingi hutazama namba moja tu: lumeni. Hapo ndipo fedha hupotea. Lumeni ni jumla ya mwanga. Umbali hutegemea kandela, yaani ukali wa mwali. Kwa kipimo cha FL 1 kilichotolewa Marekani mwaka 2009, kandela 10,000 hufika mita 200, na huko mwisho mwanga ni kama wa mbalamwezi. Anayetaka mlinzi atambue sura ya mtu kwenye uzio ahesabu nusu ya umbali huo au chini yake.

Betri nazo zina mtego. Betri nzuri ya lithiamu aina ya 18650 hubeba mAh 3,500 hivi. Inayoandikwa 9,900 ni uongo.

Ni busara kununua tochi moja ya majaribio, kuikesha usiku mzima, ndipo ziagizwe nyingine. Tochi rahisi inayozimika saa nane usiku ni ghali kuliko zote, na wa kwanza kulipa gharama hiyo ni mlinzi.