Mbio zipo tayari, fundi yupo, tunasubiri nini Moshi?

TANGU Polisi Tanzania waliposhuka kutoka Ligi Kuu mwaka 2023, safari zangu za Uwanja wa Ushirika zimepungua. Lakini Moshi naendelea kwenda. Jumamosi moja, nikisubiri mechi ya vijana ianze kule Pasua, niliingia kwenye gereji ya pikipiki kukwepa jua. Mpira wenyewe nikausahau.

Mzee mwenye gereji alikuwa anasuka gurudumu. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kuinua macho. Habu katikati, rimu nje, spoku 36. Mashine ya kupimia hana. Amefunga foki kuukuu kwenye meza, akapachika gurudumu humo, akashikiza kipande cha waya karibu na rimu, kisha anazungusha. Rimu ikigusa waya, analegeza spoku za upande ule na kukaza za upande wa pili. Akimaliza anazigonga moja moja kwa spana, kichwa kakiinamisha kama mpiga gitaa. Aliniambia spoku inayolia tofauti na nyingine ndiyo itakayokatika kwanza.

Gurudumu lile lilikuwa la bodaboda anayeshusha mikungu ya ndizi kutoka Kibosho. Fikiria mteremko ule, mawe yale, mzigo ule. Spoku moja ikikatika njiani, jirani zake ndizo zinazobeba mzigo wake.

Pembeni kulikuwa na fremu yenye ufa. Kabla ya kuchomelea, mzee alitoboa tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee kutembea. Anapounga bomba na bomba, hulikata moja mwishoni kama mdomo wa samaki, likumbatie lenzake bila kuacha uwazi. Kwenye shingo ya fremu, pale foki inapozungukia, anaongeza kiraka cha pembetatu.

Hapo ndipo nilipojiuliza, hivi huyu kwa nini tunamwita fundi wa bodaboda tu? Kazi anayoifanya ni nusu ya pikipiki ya mashindano.

Nasema nusu kwa sababu injini hatuwezi kuitengeneza leo, na wala hatulazimiki. Tazama Moto2, daraja lililo chini ya MotoGP. Kule timu zote zinatumia injini ya aina moja. Kuanzia 2010 ilikuwa Honda ya 600cc, na tangu 2019 ni Triumph ya 765cc. Wanaoshindana ni dereva na mtengeneza fremu. Ndiyo maana jina kama Kalex la Ujerumani, ambao hawauzi pikipiki mtaani kama Honda, liliweza kubeba ubingwa mwaka 2011 likiwa na Stefan Bradl.

Utasema hizo ni pikipiki kubwa. Haya, twende Moto3, injini za 250cc zenye pistoni moja. Bingwa wa 2016 alikuwa Mwafrika, Brad Binder wa Afrika Kusini. KTM yake ilikuwa na fremu ya mabomba ya chuma yaliyochomelewa, wakati Honda walikuwa na fremu ya aluminiamu. Mabomba ya chuma, ndugu msomaji!

Sisemi bomba la Pasua ni sawa na la KTM. Bomba la maji halifai kutengenezea fremu ya mbio, na jicho la fundi, hata liwe zuri vipi, si kipimo. Hilo nalijua kwa uchungu.

Jamaa niliyekaa naye dawati moja shule ya msingi aliikata fremu ya pikipiki yake ya 150cc ili ailaze. Shingo aliihamisha kwa macho, akachomelea mwenyewe. Usiku mmoja wakashindana kwa dau kushuka mlimani. Ukishika breki mteremkoni, uzito wote unahamia mbele, na shingo ndiyo inayobeba. Shingo ikaachia. Leo anatembea kwa gongo, na pikipiki ile hakuna mtu aliyeikagua hata siku moja.

Najua kuna watakaosema, taifa linapambana na ajali za bodaboda, wewe unatuletea mbio? Nawajibu kwamba mbio zipo tayari. Zinafanyika usiku, kwenye barabara wanayopita mama zetu wakitoka sokoni, bila helmeti na bila mkaguzi. Wenzetu Uganda wana viwanja vya Garuga na Busiika, na watoto wanaanza kwenye pikipiki za 50cc wakiwa na kinga mwili mzima. Hatari haijaisha kule, lakini ina uzio, ina daktari na ina kanuni.

Pendekezo langu ni dogo. Tuanzishe daraja moja la udongo, Moshi. Injini iwe ya bodaboda, 150cc, isiyochokonolewa, sawa kwa wote. Fremu na magurudumu vitoke kwa mafundi wa hapa hapa. Kila fremu iungwe ikiwa imefungwa kwenye kitanda cha chuma, ili tairi la mbele na la nyuma yakae mstari mmoja. Walimu wa kuchomelea wa VETA Moshi wakague kila kiungo kabla pikipiki haijagusa uwanja. Ikikataliwa, inarudi gereji, hakuna kujuana.

Mafundi nao watajifunza. Pikipiki ya motokrosi hutumia rimu ya inchi 21 mbele ili ipande matuta, na ya 19 nyuma, tofauti na hizi za 17 na 18 tulizozoea. Kuisuka ni somo jipya, ila mkono ni ule ule. Habu zikihitaji kuchongwa, Hai kuna kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools cha NDC. Tusisahau pia kwamba wahunzi wa Mamba, jirani na Marangu, walifua mikuki na majembe kwa mivuo ya ngozi zamani kabla bodaboda hazijafika mlimani.

Baraza la Michezo la Taifa na Manispaa ya Moshi hawaombwi uwanja wa mabilioni. Wanaombwa eneo la udongo, kamba za uzio, gari la wagonjwa na kanuni za ukurasa mmoja. Sisi waandishi tunaojaza kurasa kwa Simba na Yanga tutafute nafasi ya matokeo.

Jamaa yangu nilimsomea makala hii kabla ya kuituma. Hakuomba nibadilishe kitu. Aliuliza tu kama kwenye huo ukaguzi watahitaji mtu wa kushika tochi, kwa sababu nyufa za shingo anazijua.